UZI: Stendi, filta, flashi na betri zikiingia maji ya bahari (mchele uacheni jikoni)

TudorLenzi
Wakuu salaam. Kusi lishaanza kuvuma, bahari imechafuka, na kila kusi ni yale yale. Mtu ameenda kupiga picha za harusi ufuoni Nyali hapa Mombasa wimbi likaja likalamba begi zima, ama yuko kwenye mashua flashi ikateleza ikaenda, halafu usiku naanza kupata meseji "ami nimeshaweka kwa mchele, nitoe lini?" Sasa naweka yote hapa ili nikiulizwa niwe natuma linki tu. Kamera yenyewe na lenzi simo, hizo toa betri kimbiza kwa fundi siku hio hio. Mimi nazungumzia vile vitu vingine ambavyo ukijumlisha bei yake yaweza kupita kamera: stendi ya miguu mitatu, filta (vile vioo vya kufungia mbele ya lenzi), flashi, triga (kidude cha kuwashia flashi kwa mbali), memori kadi, betri, mikanda, begi.

Maji yatakauka yenyewe. Chumvi ndio haiendi popote. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, na yakishakauka hio chumvi inabaki mle mle ndani, na chumvi huvuta unyevu wa hewani, na hewa yetu hapa unyevu wake mara nyingi wapita asilimia 70, kwa hivyo kitu mchana utakiona kikavu, usiku kimeroa tena kidogo kidogo, shaba yageuka kijani, alumini yatoa unga mweupe, wewe uko na furaha umekiokoa kumbe kinaliwa. Sasa hapo mchele wafanya nini? Hautoi chumvi hata chembe, na unakuachia vumbi la wanga kwenye matundu.

Kwa hivyo kuosha kwanza, kukausha baadaye. Kimetoka baharini kirudishe majini, maji matamu. Najua roho inauma. Toa betri, usiwashe "kuangalia tu kama yafanya", usibonyeze kitu. Chumvi na umeme vikikutana kwenye bodi havichukui hata saa nzima, dakika tu shaba imeshaanza kuliwa.

Na hapa ndipo video za YouTube zinapotupoteza sisi watu wa hapa. Yule mtu asema suuza kwa maji ya bomba, na kwake ni sawa. Kwako bombani mwatoka nini? Nyumba nyingi kisiwani, Kisauni, Likoni, maji ni ya kisima yamevutwa hadi tangi la juu, sabuni haitoi povu, chai yenyewe yaonja chumvi. Ukisuuzia hayo umetoa chumvi ya bahari ukatia ya kisima. Maji yanayotoka Mzima ama Baricho ni mazuri, siku yakija. Ya mkokoteni inategemea muuzaji kachota wapi, na yeye atakuapia ni matamu.

Pima mwenyewe. Weka tone moja juu ya kipande cha kioo, kianike, likikauka inamisha kioo uangalie kwa mwanga wa upande. Ya kisima cha chumvi yaacha duara jeupe nene, ukilikwaruza na kucha latoka unga. Ya bomba mazuri yaacha alama hafifu. Yaliyochemshwa yakakusanywa mvuke, yale maji ya kujazia betri za gari yanauzwa petroli stesheni, hayaachi kitu. Mimi nasuuza mara mbili tatu kwa maji matamu ya kawaida, na mara ya mwisho kwa hayo maji ya betri. Chupa moja yatosha vitu vingi.

Ulizeni, nitajibu nikipata nafasi.

kibokoni_klik
Subiri kwanza, maji ya betri si ndio asidi? Utatuulia watu ami

TudorLenzi
@kibokoni_klik swali zuri na bora umeuliza. Ziko chupa mbili na mara nyingine zakaa rafu moja. Ya kujazia ni maji matupu yaliyosafishwa. Nyingine ni asidi ya salfa ya kutia kwa betri mpya kavu, hio itakula kitambaa, ngozi, na flashi yako pia. Soma lebo, usimuulize kijana wa pampu peke yake. Ikiwa lebo yataja asidi, rudisha.

mchele_ni_dawa
Mimi niko Nairobi lakini nitasema ukweli wangu, triga yangu ilianguka kwa sinki nikaweka kwa mchele ikapona na mpaka leo inapiga kazi. So msiseme haifanyi

fundi_MwembeTayari
@mchele_ni_dawa ilianguka kwa sinki, maji matamu hayo. Na ungeiweka juu ya meza mbele ya feni ingepona vile vile na haraka zaidi. Mimi natengeneza simu, nafungua simu zilizotoka kwa mchele kila leo, punje nazitoa kwa tundu la chaji na kibanio. Bodi yenyewe ndani ni kijani tupu.

Nataka kuongeza kwa TudorLenzi upande wa kuosha bodi. Triga, rimoti, taa ndogo za LED, hivi ni vitu rahisi, skrubu nne umefungua. Ukishasuuza na maji safi, malizia na isopropili (spiriti ya kusafishia vyombo vya umeme), ile ya asilimia 99, utaipata kwenye maduka ya spea za simu. Inasukuma maji yaliyojificha chini ya chipu na inakauka haraka. Brashi ya meno laini, usugue polepole penye springi za betri na kwa soketi ya USB, huko ndiko huanzia kuoza.

Msinunue spiriti ya duka la dawa mkadhani ni kitu kimoja. Ile ya kusafishia vidonda nyingi imetiwa mafuta kidogo ili isikaushe ngozi, inaacha utando kwa bodi. Na kuna wenzangu wanatumia thina. Thina inasafisha bodi kweli, lakini ikigusa kava ya plastiki inayeyuka, vitufe vinanata, maandishi yanafutika. Ukipeleka kitu chako kwa fundi muulize anaoshea nini, asipotaka kusema chukua kitu chako uende.

Pale ambapo sikubaliani na TudorLenzi ni hapa: kitu chenye skrini usikizamishe kizima bila kufungua. Maji yakiingia nyuma ya skrini katikati ya zile plastiki huwa hayatoki na unabaki na doa milele. Fungua kwanza, skrini weka kando, osha bodi.

TudorLenzi
@fundi_MwembeTayari kama una bisibisi na mikono haitetemeki, sawa. Lakini mtu yuko ufuoni Shanzu saa kumi jioni, hana bisibisi, triga imejaa maji ya bahari, afanye nini? Mimi bado nasema bora doa la skrini kuliko bodi iliyooza. Aitumbukize kwenye maji ya kunywa, aitikise, aimwage, arudie, afungue akifika nyumbani.

fundi_MwembeTayari
Hapo sawa, kama hana bisibisi. Lakini akinijia na doa asinilaumu

shani_harusi
Jamani mimi yangu ni betri. Mbili za kamera zilikuwa kwa mfuko wa nje wa begi, begi likaingia maji pale Mama Ngina bahari ilipokuwa imejaa. Nimezipangusa zimekauka vizuri na moja nimeijaribu kwa kamera inasoma asilimia 80. Naweza kuchaji sindio? Nina harusi Jumamosi

TudorLenzi
@shani_harusi hapana dadangu, usichaji, na hio moja itoe ndani ya kamera sasa hivi. Betri ya lithiamu si kipande kimoja, ndani ya ile kava kuna seli na kibodi kidogo cha kulinda isijae kupita kiasi wala isipate shoti. Maji ya chumvi yakiingia mle, hicho kibodi ndicho cha kwanza kuliwa. Itasoma asilimia 80 vizuri tu, siku utakayoichaji hakuna mlinzi, seli inapata moto, na moto wa lithiamu hauzimwi kwa kuupuliza. Yaweza kukaa siku kadhaa kimya halafu ndio ikaanza.

Usiioshe na usiifungue, na usiikaushe kwa blowa. Itoe nje ya nyumba, weka juu ya mchanga ama saruji, mbali na pazia na magodoro, uipeleke kwa wanaokusanya taka za umeme. Pipa la jikoni hapana. Jumamosi azima ama kodi, betri ni bei nafuu kuliko nyumba.

shani_harusi
Inna lillahi. Haya nimezitoa ziko barazani juu ya tofali. Kuna mtu Nyali aniazime mbili plz inbox

kibokoni_klik
Na zile ndogo za flashi, AA?

TudorLenzi
Tupa pia. Za alkali zikianza kuvuja zatoa kitu cheupe kama chokaa kwenye springi, hicho ni kikali. Vaa glavu, pangusa na pamba yenye siki nyeupe kidogo, itachemka chemka, halafu maji safi, halafu kausha. Siki usiiache ikae.

msafiri_wa_lamu
Flashi yangu iliingia maji nusu, nataka kuifungua niioshe kama alivyosema fundi. Skrubu naziona hapa

fundi_MwembeTayari
WACHA. Mimi nimesema triga na rimoti. Flashi usiifungue. Ndani mna kapasita kubwa kama kidole gumba inayobeba volti 300 na zaidi, na inaweza kubaki na umeme hata ukishatoa betri. Itakurusha. Kuna njia ya kuitoa umeme lakini sitaiandika hapa mtu akaenda kujaribu na bisibisi ya jikoni. Toa betri, suuza nje na sehemu ya betri kwa maji yaliyosafishwa, tikisa, weka mbele ya feni kichwa kikiangalia chini, kisha mpe mtu anayejua flashi. Na usiiwashe "mara moja tu".

msafiri_wa_lamu
Nimeweka bisibisi chini 😂

Zuhura_polaroiza
Mimi nina shida mbili. Filta yangu ya polaroiza (ile ya kuzungusha ya kupunguza mng'ao) ilipigwa na maji kwenye dau, nikaipangusa na kona ya lesso, sasa ina mikwaruzo. Na hio hio imeganda kwa lenzi haizunguki haitoki. Mume wangu anataka kutumia koleo

TudorLenzi
Koleo likae huko huko. Dada, ile mikwaruzo ni chumvi kavu ndio iliyokwaruza, chembe zake ni kali na ukizipangusa kavu wasugua kioo na mchanga. Kabla kitambaa hakijagusa kioo lazima maji yapite kwanza. Mikwaruzo haitoki, lakini kama ni midogo na iko pembeni hutaiona kwa picha, usihangaike.

Kutoa. Watu hushika filta kwa vidole viwili wakabana, na ukibana ile pete nyembamba yageuka yai na yazidi kushika. Yataka nguvu sawa pande zote. Tafuta champali safi, ile ya mpira, soli yake bapa. Simamisha lenzi filta ikiangalia juu, dondosha tone la maji ya uvuguvugu mahali pete inapokutana na lenzi (tone moja, si kata), ngoja kidogo chumvi ilainike, pangusa. Kisha bana soli ya champali juu ya pete yote kwa kiganja bila kusukuma sana, uzungushe kinyume na saa. Mpira washika pete nzima mara moja, hakuna mahali pa kugeuka yai. Polaroiza ina pete mbili, ya mbele yazunguka bure, kwa hivyo ni ile ya nyuma iliyo karibu na lenzi ndio yatakiwa ishikwe. Ikiwa soli haiifikii, zungushia lastiki pana kwenye pete ya nyuma ushike hapo.

Ikitoka usiiloweke beseni usiku kucha. Polaroiza ni vioo viwili na utando umegandishwa katikati, maji yakikaa yaingia kutoka ukingoni utaona rangi za upinde zinaanza kwenye kona. ND ya kuzungusha, ile filta ya kupunguza mwanga, ni vile vile. Pitisha maji haraka, zungusha pete chini ya maji mpaka usisikie mchanga, kausha. Filta ya UV ya kioo kimoja haina maneno, osha na tone la sabuni ya vyombo.

Zuhura_polaroiza
IMETOKA wallahi! Champali ya mtoto ndio iliingia sawa. Mume amenyamaza

stendi_kwanza
Mbona mnaongea kila kitu na stendi hamuigusi? Hapa pwani stendi ndio inaingia majini kila siku na ndio haioshwi. Mtu anapiga mapambazuko miguu iko ndani ya maji, anaikunja anatupa kwa buti, mwezi wa pili haifunguki.

Mimi nafanya hivi. Nikifika nyumbani siikunji, nairefusha yote na kuisuuza ikiwa imefunguka, maana ukiikunja na mchanga mchanga wasukumwa juu ndani ya bomba. Kisha nafungua kila kiungo. Zile za kuzungusha, legeza mpaka pete itoke kabisa kwa nyuzi zake, vuta mguu wa chini polepole. Kwenye kichwa cha bomba la chini utakuta vipande viwili vya plastiki vimekaa kama nusu mbili za bangili, vina kijino kinachoingia kwa tundu. Vitaanguka, na kimoja kitaingia chini ya kabati, ndivyo ilivyo. Kwa hivyo tandika taulo kwanza na piga picha na simu kabla hujavitoa uone kipi kilikuwa juu, na usichanganye vya mguu huu na mguu ule maana vishazoea mahali pao.

Osha mabomba ndani na nje, pitisha kitambaa kwa kijiti. Nyuzi zisugue kwa brashi ya meno, utaona mchanga umeshikana na grisi ya kiwandani umekuwa uji mweusi, toa wote. Ikikauka paka grisi mpya ya silikoni ama ile ya mashine za boti, KWA NYUZI TU, utando mwembamba. Zile plastiki na bomba lenyewe usipake kitu, zinashika kwa msuguano, ukipaka kamera yako itashuka polepole ukiangalia. Na tufe la kichwa usilipake pia kwa sababu hio hio.

Za kaboni watu wanadhani haziozi. Kaboni haiozi, lakini imegundishwa kwa viungo vya alumini, na kaboni na alumini zikiguswa na maji ya chumvi pamoja alumini ndiyo inayoliwa, tena haraka kuliko ingekuwa peke yake. Ukiona unga mweupe pale bomba linapoingia kwa kiungo ndio hio. Skrubu za chuma kisichoshika kutu ndani ya alumini, hadithi ni hio hio, zinagandana.

kibokoni_klik
WD-40 je? Mimi napulizia kila kitu

stendi_kwanza
WD-40 inafukuza maji, ndio maana ya hilo jina hata. Kwa skrubu iliyoganda ni nzuri. Lakini si grisi, inayeyusha ile grisi iliyokuwepo, halafu inaacha unyevunyevu wa kukusanya mchanga. Ukiitumia ifute kabisa upake grisi. Na usiipeleke karibu na filta wala mpira.

mbizi_wa_bamburi
Nasoma tu lakini ngoja niseme kitu cha sisi wapiga mbizi. Kama huwezi kuosha sai hivi, uko boti unarudi mwendo mrefu, usiache kitu kikauke na chumvi. Weka ndani ya ndoo ya maji matamu kikae hapo hapo mpaka ufike. Nasema stendi, mikanda, nyumba ya kamera ya kupigia chini ya maji, GoPro iliyofungwa. Chumvi iliyokauka ni ngumu kutoa mara kumi, na chumvi ikigeuka jiwe ndani ya kitufe hicho kitufe hakirudi.

Nyumba ya kamera iloweke nusu saa imefungwa, na ubonyeze vitufe vyote ikiwa majini. Ikauke ndio ufungue. Oringi, ule mpira wa duara wa kuzibia mlango, itoe na kona ya kadi ya plastiki, si pini, ukiikwaruza imekwisha. Pitisha vidoleni polepole macho yamefungwa, unywele mmoja ama chembe ya mchanga utaihisi kabla hujaiona. Grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu. Watu wanapaka kama siagi, grisi haizibi maji, oringi ndio inaziba, grisi nyingi inashika mchanga.

shani_harusi
Na memori kadi? Zilikuwa humo humo kwa mfuko na harusi ya watu iko ndani 😭

TudorLenzi
Hizo ndio ngumu kufa, tulia. Suuza kwa maji safi, pangusa vile vibao vya dhahabu na pamba yenye isopropili, ziache mbele ya feni usiku wote. SD kubwa ina kava ya vipande viwili yaweza kuficha maji, ipe muda zaidi. Microsd ni kipande kimoja kimezibwa, hio yakauka haraka. Usizirudishe kwa kamera, tumia kisomeo cha bei rahisi, kopi kila kitu mara mbili, kisha kadi hizo zistaafu. Ikigoma kusoma usikubali kompyuta ikuambie ufomati.

shani_harusi
Moja imesoma yote. Nyingine naisubiri kesho. Mungu akubariki

Zuhura_polaroiza
Begi langu nimelianika jua la mchana siku nzima na bado usiku linanuka na lina unyevu, kwani ni nini?

stendi_kwanza
Ni chumvi imo kwenye sponji. Toa zile kuta za ndani, loweka karai la maji matamu, kamua, mwaga, rudia mpaka maji ukionja ncha ya ulimi hayana chumvi. Kisha kivulini penye upepo, jua kali linaua sponji na velkro. Zipu zipige mswaki, zikikauka pitisha mshumaa kwa meno yake. Mikanda fanya vile vile. Usirudishe vifaa ndani mpaka likauke kabisa, hewa ya hapa begi bichi ni shamba la fangasi za lenzi.

kibokoni_klik
Na kukausha hivi vitu, kama hakuna mchele ni nini? Vile vipakiti vya kwa sanduku la viatu?

fundi_MwembeTayari
Feni kwanza, masaa mengi. Chumba cha AC kama unacho, AC inatoa maji hewani. Baadaye ndio silika jeli ndani ya dishi lenye kifuniko linalobana. Vile vipakiti vya viatu vingi vimeshashiba zamani, vimekaa dukani hewa ya pwani. Nunua ile ya punje zinazobadilisha rangi, ya chungwa, zikibadilika mimina kwa trei weka oveni digrii 120 kama saa mbili zinarudi. Za bluu zina kobalti, ni sumu, kama una watoto achana nazo.

msafiri_wa_lamu
Swali la mwisho. Flashi yangu nimempa fundi, sasa kuna jamaa anauza nyingine ya mtumba bei nzuri sana, asema haijawahi kuona maji. Najuaje?

TudorLenzi
Fungua mlango wa betri, washa tochi ya simu, angalia springi kwa ndani kabisa pale zinapoingia kwa plastiki. Kijani, bluu ama unga, imeogelea. Angalia pini za kile kiatu cha chini, pale flashi inapoingia kwa kamera, zapaswa kung'aa zote sawa. Angalia nyuma ya kioo cha mbele kama kuna duara la maji yaliyokauka. Angalia skrubu, moja ikiwa na mikwaruzo ama imeng'aa kuliko wenzake imeshafunguliwa. Inuse pale penye betri. Kisha iwashe uipige kwa nguvu yote mara nyingi mfululizo usikize, na uone yachukua muda gani kujaa kila mara, ikianza haraka kisha ikachelewa chelewa rudisha.

msafiri_wa_lamu
Springi moja ina kijani kidogo. Asema ni "rangi ya kampuni"

fundi_MwembeTayari
😂😂😂 mwambie hio rangi ya kampuni hata mimi ninayo hapa droo nzima. Mpe bei ya mfuko wake na kile kistendi cha plastiki, flashi abaki nayo